Kinachokatwa Hufungwa Pande Mbili

Kamba inapokatwa vipande viwili, ni kipi kinachohitaji zaidi kufungwa: kile kinachobaki au kile kinachoondoka? Nililala jana na swali hilo kichwani, na usingizi haukunipa nafasi ya kulitafutia jibu. Ulinichukua nilivyokuwa ukanipeleka ndotoni.

Ndoto yenyewe haitaeleweka nisiposema kwanza nililala na nini moyoni. Mimi ni Milembe Maduhu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa migodi, na huu ni mwezi wangu wa pili mgodini kwa mafunzo ya vitendo. Mgodi wetu ni wa zamani. Una shimo moja la wima, na watu huteremka humo kwa kizimba kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma. Mkaguzi wa kamba hiyo ni Bwana Ndalahwa. Kila asubuhi, kabla ya mtu yeyote kushuka, kamba hupitishwa polepole mbele yake, naye huishika kwa kitambaa cha pamba. Waya uliokatika, hata uwe mwembamba kama sindano, hunasa uzi wa kitambaa, naye husema, "Simamisha." Ameifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Aliyemfundisha ni marehemu baba yangu.

Kila baada ya miezi sita, kipande cha chini cha kamba hukatwa na kupelekwa maabara, kikavutwa kwa mashine mpaka kikatike, ili ijulikane kamba nzima imebakiwa na nguvu gani. Safari hii mzee alinipa mimi kazi ya kukata.

"Funga pande mbili, mwanangu, ndipo ukate," aliniambia. Kisha king'ora cha winchi kikamwita, akaenda.

Nilifunga upande unaobaki kwa waya laini, mizunguko saba, kwa uangalifu wote nilionao. Upande wa pili ulikuwa kipande cha kwenda kuvunjwa tu, nikaona hauna haja. Nilipokata, ncha yake ilifumuka kama ufagio. Niliisokota kwa mikono, nikaizungushia utepe, nikanyamaza.

Jana alasiri majibu yalifika, pamoja na nusu mbili za kipande. Kipande kilichotakiwa kuhimili tani hamsini na nne kilikuwa kimekatika kwa tani arobaini na moja. Kamba iliyofumuka haivutwi sawasawa. Misuko michache hubeba mzigo wa yote, nayo hukatika mmoja baada ya mwingine. Hilo nililijua mimi peke yangu. Wakubwa ofisini waliona tu daftari ambalo Bwana Ndalahwa ameandika kila asubuhi, "Kamba ni nzima." Meneja wetu, Mhandisi Felista Rwegoshora, alisimamisha kizimba, kisha akatamka kwamba leo saa mbili asubuhi mzee atakabidhi kitambaa chake na kuondoka, kwa kuwa ametia sahihi uongo.

"Sawa, mama," alisema mzee. Akatoka akiwa ameshika kofia yake ngumu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na kabati. Nikaenda nilipopanga, nikalala, nikaota.

*

Nimo maabara, ila meza ya maabara ni kitanda changu cha bweni. Kipande cha kamba kimelala chali, kimejifunika shuka yangu. Kinakohoa vumbi la grisi kavu.

"Shikamoo," nasema, maana kamba ya miaka tisa ni mtu mzima.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenitoa kwetu?"

"Ndiyo."

"Hukuniaga."

"Niliambiwa nikukate."

"Uliambiwa unifunge, kisha unikate. Nilisikia, nilikuwa pale pale." Hakigeuzi kichwa, maana hakina. Kinaondoa shuka na kunionyesha ncha yake. Misuko sita imeachana, kila mmoja umetazama upande wake, kama ndugu waliotoka kugawana shamba. Katikati yao unaonekana moyo wa kamba. Moyo wa kamba ya chuma ni wa katani, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Ndio unaotunza grisi.

"Chuma chake kilitoka ng'ambo," unasema moyo kwa sauti ya upole, ya mwanamke wa makamo. "Mimi nililimwa Korogwe. Nakumbuka umande. Unaujua umande wa mkonge?"

"Siujui."

"Huteremka polepole kwenye jani, ukifika kwenye mwiba unasimama," unasema moyo, kama anayetoa ushahidi.

Mlango unafunguka. Mashine ya kuvuta inaingia, imevaa tai. Ina taya mbili, ya juu na ya chini. Inakishika kipande huku na huku bila kusalimia.

"Jina?" inauliza, na kuvuta.

"Kipande."

"Kipande cha nani?" inauliza, na kuvuta zaidi.

"Cha wenzangu."

Waya mmoja unalia *ting*. Mwingine unafuata. Mshale wa mashine unapanda mpaka arobaini na moja, unasimama, unajifuta jasho.

"Namba hiyo si ya kweli," nasema.

"Binti, namba ni ya kweli kabisa," inajibu mashine. "Nimevuta kilichofumuka, nimepata namba ya kilichofumuka. Mimi sina maoni. Nikishatoa namba, nakunywa chai. Aliyekileta ndiye wa kuulizwa."

Inafungua chupa na kunimiminia kikombe. Chai ina ladha ya bati. Nainywa yote, kwa sababu nimelelewa kutokukataa cha mtu.

Ninapoweka kikombe chini, nagundua kwamba ninakiweka kwenye sakafu ya kizimba.

*

Mlango wa kizimba unalindwa na kengele ya shimo. Ni ile ile ya shaba inayogongwa kila siku, ila leo imekaa kwenye kiti na miwani ya kusomea.

"Unashuka?"

"Nafikiri hivyo."

"Kamba ya kubeba watu iwe na nguvu mara ngapi ya mzigo wake?"

"Mara kumi," najibu haraka. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, nikapata vizuri.

"Vyema. Basi mtu hashikwi na mmoja, hushikwa na kumi. Wako wapi kumi wako?"

Kabla sijajibu, wanaingia akina Ndalahwa kumi. Wote wamevaa kofia ile ile iliyochubuka upande wa kushoto, na kila mmoja ana kitambaa begani na bakuli la chakula mkononi. Wanajipanga juu ya shimo na kuikamata kamba.

"Usinikanyage," anasema mmoja.

"Kwani wewe nani?"

"Mimi ni wewe."

"Basi sogea, unajikanyaga mwenyewe."

"Leo mke wangu kapika viazi," anasema wa tatu.

"Mke wetu," anamsahihisha wa nne.

"Wewe! Tuheshimiane."

Ninawaamkia kwa heshima, shikamooni, nao wanaitikia marahaba mara kumi, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Hilo linachukua muda. Kengele inasubiri, kisha inaniegemea sikioni.

"Kuna kitu umekificha," inasema. "Kadiri utakavyoshuka nacho, wataachia mmoja mmoja. Usiione kuwa ni adhabu. Ni hesabu tu."

"Wakiisha?"

"Darasani mlifundishwa nini juu ya kamba isiyoshikwa na mtu?"

Hatukufundishwa. Naona aibu kusema hivyo. Kizimba kinashuka.

*

Ngazi ya kwanza ya mgodi ni ukumbi wetu wa mihadhara. Taa zinawaka, viti vimejaa. Wanafunzi wenzangu wote ni kalipa, zile za kupimia unene, na mhadhiri ni kalipa kubwa iliyoshika chaki.

"Nani atatuambia wajibu wa kwanza wa mhandisi?"

Nainua mkono. Mimi huinua mkono siku zote.

"Wajibu wa kwanza wa mhandisi ni kusema ukweli," nasema, nikiwa nimesimama wima, "hata pale ukweli unapomgharimu, kwa kuwa nyuma ya kila namba kuna mwili wa mtu."

Kalipa zote zinapiga makofi kwa taya zao, ta-ta-ta-ta. Mhadhiri anaandika maneno yangu ubaoni. Ninaona fahari, nikiwa nimesahau kwa nini nimo ndani ya kizimba.

Kutoka juu inasikika sauti ya mtu akijikung'uta vumbi. "Jamani, kwaherini," anasema Ndalahwa wa kumi. "Mimi naenda kukabidhi kitambaa."

"Umeacha bakuli lako!" anaita wa tisa.

"Mle nyinyi. Sina hamu."

Kizimba kinateremka ghafla kwa shibiri moja. Nazitazama kalipa. Zinaendelea kupiga makofi.

*

Ngazi ya pili ni stoo ya masanduku ya shule yangu ya bweni. Kuna harufu ya sabuni ya kipande, siagi ya karanga na madaftari mapya. Masanduku ya bati yamepangwa mpaka darini, yananong'onezana kama wasichana baada ya kengele ya kulala. Langu liko chini kabisa, la buluu. Kwenye mpini wake bado kuna waya laini, mizunguko saba, imekazwa na kulazwa vizuri isichome mtu.

"Umenenepa," linasema sanduku.

"Wewe umepata kutu."

"Uliniacha kwenye unyevu." Halisemi kwa kulaumu. "Unaikumbuka asubuhi ile?"

Naikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba alitoka ndani na koleo na kipande cha waya wa kazini. Akachutama mbele ya sanduku, akaufunga mpini mizunguko saba huku akihesabu kwa Kisukuma. Kisha akainuka, akaenda kwenye mwimo wa mlango wa nyumba yetu, akaufunga nao mizunguko saba. Jirani yetu, Mama Ng'washi, alikuwa anachambua mchele barazani kwake.

"Baba Milembe!" aliita. "Mtoto anaenda shule, wewe unamfunga kama mbuzi wa mnadani?"

"Mbuzi hufungwa upande mmoja," baba alimjibu bila kugeuka. "Huyu anakatwa kutoka nyumbani. Kinachokatwa hufungwa pande mbili, shemeji, la sivyo mmoja wetu atafumuka."

"Haya, fundi wa kamba. Na mama yake utamfunga wapi?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, na nilipopanda gari niliuweka mkono wangu juu ya waya ule njia nzima. Usiku wa kwanza bwenini wasichana wengi walilia. Mimi niliushika mpini nikalala.

"Kila muhula alifunga," linasema sanduku.

"Kila muhula."

"Mara ya mwisho sikuwepo. Ulikwenda chuo kikuu na mkoba wenye magurudumu. Nao aliufunga?"

Nasikia kishindo juu. Nagundua kwamba nimekaa stoo mno. Wanaachia wawili kwa pamoja, kisha watatu, kisha mmoja mmoja. Ninahesabu kwaheri zao. Wa tano anasema ameshiba. Wa nne anauliza kama kitambaa hukabidhiwa kikiwa kimefuliwa au kama kilivyo, na hakuna anayejua. Kizimba kinateremka pasipo kuomba ruhusa ya mtu, na stoo inapanda juu na harufu yake, mpaka inakuwa tundu dogo la mwanga wa buluu.

*

Ngazi ya tatu ni nyumbani.

Ni asubuhi. Vumbi la uwanja limefagiliwa, mistari ya fagio bado mibichi. Mlango wetu uko pale pale, na mwimo wake una pete za waya kuanzia chini hadi usawa wa kifua changu. Kila nilipoondoka baba alifunga pete mpya juu ya ile ya zamani, na hakuwahi kuifungua hata moja. Nyumba nyingine huandika urefu wa watoto ukutani. Yetu iliandika kuondoka kwangu.

Baba amekaa kwenye kigoda, amevaa shati lake la kanisani na suruali ya kazini yenye grisi. Anachambua kitambaa cha pamba, nyuzi zilizonaswa anazitenga pembeni.

"Mwangaluka, Milembe," ananisalimia kwa salamu ya asubuhi ya kwetu.

"Mwangaluka, baba." Nataka kumwambia kwamba ni marehemu, lakini naona ni utovu wa adabu.

"Umekuja na nani?"

Natazama mikononi. Nimekipakata kile kipande cha kamba kama mtoto. Kimelala.

"Na huyu," nasema. "Nilimkata."

"Ulifunga?"

"Nilifunga upande mmoja."

"Upi?"

"Unaobaki."

Baba anatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesikia bei ya kitu ambacho hakusudii kununua. "Na unaoondoka?"

"Niliona hauna haja. Ulikuwa unaenda kuvunjwa tu."

"Aha."

"Aha" hiyo naijua. Ni ile ile ya asubuhi ya kwenda chuo kikuu. Gari lilikuwa linapiga honi, nami nilikuwa na barua ya kujiunga mkononi, nimejaa ndoto za kuwa mhandisi wa kwanza katika ukoo wetu. Baba alikuwa amekwisha kuufunga mwimo wa mlango. Alipochutama mbele ya mkoba na koleo lake, nikamwambia, "Baba, nimechelewa, huu mkoba hauna haja." Akainuka. Akaurudisha waya mfukoni. Akasema, "Aha." Miezi mitatu baadaye kifua kilimzidia, nami nilikuwa kwenye chumba cha mtihani, na habari zikanifikia jioni.

"Baba," nasema, "nifunge sasa."

Anajipapasa mifukoni, wa kulia, wa kushoto, wa shati. Anatoa funguo, kipande cha sabuni, tiketi ya basi ya zamani. "Waya umeisha," anasema. "Uliobaki nilikwenda nao."

Kutoka juu kabisa inashuka sauti moja, ya mtu mmoja. Ni Ndalahwa wa kwanza, yule ambaye ni yeye mwenyewe.

"Binti Maduhu! Nimebaki mimi tu hapa. Sikuharakishi, mwanangu. Lakini mikono inachoka."

"Nakuja, mzee!"

"Sawa. Chukua muda wako. Ila inachoka."

Nakilaza kipande cha kamba kwenye mapaja ya baba. Najishika kichwani. Nywele zangu zimesukwa kwa uzi mweusi, mafungu saba. Mama Shija, mwenye nyumba ninayopanga, ndiye aliyenisuka Jumapili. Nautafuta mwanzo wa uzi wa fungu la nyuma, naufungua, unatoka mrefu na wenye mawimbi. Baba anaikusanya misuko sita kwa vidole vyake vizito na kuibana pamoja kuuzunguka moyo wa katani. Mimi nafunga. Anahesabu kwa Kisukuma. Tunafika saba.

"Uzi wa nywele haushiki tani," anasema baba.

"Najua."

"Sasa huu umeshika nini?"

Kipande kinafungua macho, ambayo nayo hakina. "Mwache," kinamwambia. "Ameniaga."

Baba anacheka, kile kicheko chake kinachoanzia puani. Kwa mara ya kwanza tangu ndoto ianze nasikia baridi, kwa sababu kizimba kinaanza kuteleza. Kinateleza kidogo, kama kiganja kinavyoteleza kwenye kiganja.

"Mwanangu," anasema baba, "huyo wa juu ni mwanafunzi wangu. Nilimfundisha kusema 'simamisha' akiwa na umri wako. Hajawahi kumwachia mtu."

"Nimwambie nini?"

"Si yeye wa kuambiwa. Yeye anajua kamba yake ilivyo."

Nainua uso kulitazama tundu la mwanga. Nafungua kinywa nipige kelele, simamisha, na neno linatoka.

*

Lilitoka chumbani kwangu, kwa sauti kubwa, na likaniamsha.

Kulikuwa kumekucha. Mama Shija alikuwa akifagia nje, nikasikia fagio likisimama.

"Milembe! Unamsimamisha nani humo?"

"Ni ndoto tu, mama."

Nilipotoka kunawa alinitazama, akaja, akanigeuza kichwa kama mtu anayekagua papai sokoni.

"Na hili fungu la nyuma limefumuliwa na nani?"

Nilijishika. Mafungu sita yalikuwa yamekazwa kama alivyoyaacha. La saba lilikuwa nywele tupu.

"Labda ni mto," nilisema.

"Mto gani? Uzi ule nimeukaza mimi. Haya, ulete nikurudishie kabla hujaenda kazini."

Nilirudi ndani. Nilikung'uta shuka, nikainua godoro, nikatazama chini ya kitanda kwa tochi ya simu. Uzi haukuwepo. Nilivaa kofia ngumu juu ya nywele zilivyo, nikaondoka.

Ofisini walikuwa watu watatu. Mhandisi Rwegoshora alikuwa nyuma ya meza, karani wake Bwana Kiza alikuwa na kalamu tayari, na Bwana Ndalahwa alikuwa amesimama. Kitambaa cha pamba kilikuwa mezani, kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa mara nne. Grisi ya miaka thelathini haitoki kwa sabuni, hivyo kilikuwa safi na cheusi kwa wakati mmoja.

"Kaa, Milembe," alisema meneja. "Hili ni somo pia. Nataka ukumbuke kwamba sahihi ni kitu kizito." Akachukua funguo kutoka mkobani mwake, akafungua kabati la chuma, akatoa nusu mbili za kipande kilichovunjwa maabara, akazilaza mezani juu ya gazeti.

Kisha akainama.

Kwenye ncha moja, ile niliyoisokota kwa mikono, palikuwa na uzi mweusi wenye mawimbi. Ulikuwa umekazwa na kulazwa vizuri.

"Kiza, nani amegusa sampuli?"

"Mama, tangu jana jioni ufunguo unao wewe."

"Nimeuliza nani ameigusa."

"Nami nimejibu, mama. Ufunguo unao wewe."

Bwana Ndalahwa alisogea. Hakuigusa kamba. Aliunyooshea uzi kidole, midomo yake ikahesabu. "Saba," alisema. "Hiyo ni mizunguko ya Maduhu."

"Mzee Maduhu alikwisha kufariki," alisema meneja.

"Ndiyo, mama. Sikusema amefunga yeye." Mzee aliinua macho, akaliona fungu la nywele lililotokeza nyuma ya kofia yangu. Akalitazama kwa muda mfupi, kisha akatazama dirishani, kwa heshima, ili nisione kwamba ameona.

Niliinuka. Nilivua kofia, nikaiweka mezani kando ya kitambaa.

"Mhandisi," nilisema, "Bwana Ndalahwa hakuandika uongo. Kipande hiki nilikikata mimi. Nilifunga upande unaobaki, sikufunga unaoondoka, ukafumuka, nikauficha kwa utepe. Ndiyo maana kimekatika mapema. Nayaandika haya sasa hivi na kutia sahihi, na nakala naipeleka chuoni leo, hata kama mafunzo yangu yatafutwa. Kitambaa hiki ni cha mzee, kibaki naye. Kizimba kiendelee kusimama mpaka kipande kingine kivutwe, na kipande hicho nitakikata mimi mbele yenu nyote, baada ya kukifunga pande zote mbili."